Nina presha, naweza kupanda hadi maporomoko ya Sanje?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu hapa Bariadi, nina miaka 52 na natumia dawa za presha. Walimu wenzangu wameandaa safari ya Desemba kwenda kuona maporomoko ya Sanje, Hifadhi ya Udzungwa. Nasikia ni kupanda msituni kwa saa kadhaa. Nitaweza? Na maji ya kule hayana kichocho kama malambo yetu?
Mwalimu, Bariadi

JIBU: Mwalimu, presha iliyodhibitiwa haikuzuii kupanda. Ya kuogopa ni ile ambayo hujui imefika ngapi. Nenda kliniki wiki kadhaa kabla ya safari. Ikisoma 160 kwa 100 au zaidi, dawa zirekebishwe kwanza, Sanje haihami.

Kuna mchezo naukuta sana kwa wasafiri: mtu anaacha kidonge cha kukojoza ili asihangaike ndani ya basi. Kutoka Simiyu hadi Mang'ula ni mbali mno kwa mchezo huo. Utashuka garini miguu imevimba, presha iko juu, na kesho yake unaanza mlima. Meza dawa zako zote, mwombe dereva asimame, na ulale usiku mzima kabla ya kupanda.

Bariadi ni tambarare, kwa hiyo magoti yako yana haki ya kushangaa. Maporomoko yale yana urefu wa takriban mita 170. Anza sasa kutembea haraka jioni nne au tano kwa wiki, na mara moja moja tafuta kilima. Zoea na kushuka pia, maana kushuka ndiko kunakomaliza mapaja. Njiani, ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza mwendo, hata kama walimu vijana wa hesabu na sayansi wameshapotelea mbele. Kifua kikibana, au maumivu yakienda kwenye taya au mkono, kaa chini na umwambie mwongozaji wa hifadhi papo hapo. Usijikaze.

Sasa kichocho. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kama ya lambo. Kwenye maji yanayoporomoka kwa kasi hawashiki. Hatari chini ya maporomoko ni ndogo, ila huko bondeni kijito kinapopunguza mwendo na kuingia mashambani, usiingize miguu. Mimi nina wasiwasi zaidi na upande wa pili: ninyi mnaotoka Kanda ya Ziwa, wengi mmeogelea malambo tangu utotoni, na mnaweza kuwa nacho bila kujua. Kama umewahi kuona damu mwishoni mwa mkojo, kapime. Tiba yake ni prazikwanteli, dozi hupimwa kwa uzito. Na mkiwa kule, mtu asikojoe mtoni.

Maji ya kunywa beba ya kwako, lita mbili. Yale ya kijito yanang'aa, lakini juu yake wanaishi nyani na mbega. Vaa raba zenye meno, yeboyebo ziache hotelini. Mawe yanayorushiwa maji muda wote yana utelezi wa ajabu. Suruali ichomeke ndani ya soksi kwa ajili ya siafu.

Jambo moja la kujadili na wenzako: Desemba mvua huweza kuwa imeshaanza, njia inateleza na maji hujaa ghafla. Likizo ya Juni ingewafaa zaidi, na wewe ungepata miezi ya kutosha ya mazoezi.