Kukarabati Jengo Ili Kupunguza Bili ya Stima: Fedha Zitoke Wapi?

Majengo mengi yalijengwa bila mtu kupiga hesabu ya stima. Paa la mabati lisilo na dari, madirisha ya upande mmoja, taa za zamani na vipasha maji vya stima bafuni humfanya mwenye jengo alipie joto na giza kila mwezi. Ukarabati unaweza kurekebisha hayo, lakini wengi hukwama kwenye fedha. Wengine hukwama baadaye: huchukua mkopo wa sola kwa haraka, kisha hujikuta wakilipa mkopo na bili ile ile ya stima.

Somo hili linaeleza jinsi ya kupiga hesabu kwanza, kisha kutafuta fedha zinazolingana na hesabu hiyo.

1. Jua stima inaenda wapi

Chukua bili au risiti za tokeni za miezi 12. Gawanya jumla ya pesa kwa jumla ya uniti ili upate bei halisi unayolipa kwa uniti moja, pamoja na kodi na tozo. Kisha orodhesha vifaa vyote: nguvu yake kwa wati na saa kinazotumika kwa siku. Wati 1,000 zikitumika kwa saa moja ni uniti moja.

Orodha hiyo huonyesha mambo yanayogharimu kidogo au yasiyogharimu kitu: kuzima vifaa visivyotumika, kupaka paa rangi nyeupe inayorudisha jua, kufungua matundu ya hewa pande mbili za chumba, kubadilisha taa. Hayo yafanywe kabla ya kuomba mkopo wowote. Mtu anayenunua kiyoyozi kikubwa kwa chumba kisicho na dari ananunua mashine ya kupoza mabati.

Majengo makubwa yana wajibu wa kisheria. Chini ya Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012, jengo linalotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka linatakiwa kufanyiwa ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Ripoti ya ukaguzi huo ndiyo karatasi ya kwanza ambayo benki itataka kuiona. Chama cha Watengenezaji Bidhaa nchini, KAM, kina kituo cha matumizi bora ya nishati kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano na Wizara ya Nishati, na hufanya ukaguzi wa aina hiyo.

2. Mkopo ulipwe na stima iliyookolewa

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni yenye vyumba 10. Kila bafu lina kipasha maji cha wati 4,000 kinachotumika dakika 15 kwa siku, yaani uniti moja. Kwa mwezi ni uniti 300. Kuna pia taa 40 za tyubu za wati 36, zinazowaka saa sita kila usiku. Bei ya uniti tuiweke shilingi 20.

Kubadilisha tyubu zote kwa LED za wati 18 kunaokoa takriban uniti 130 kwa mwezi, sawa na Sh2,600. Kila taa ikigharimu Sh500, jumla ni Sh20,000. Pesa hizo zinarudi kwa miezi minane.

Kipasha maji cha jua kikigharimu Sh200,000 na kuondoa robo tatu ya stima ya bafuni, kinaokoa uniti 225, sawa na Sh4,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba akikopa Sh200,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio linalopungua, na kulipa kwa miezi 36, malipo ni takriban Sh6,640 kwa mwezi. Akitegemea kipasha maji peke yake, atatoa zaidi ya Sh2,100 mfukoni kila mwezi. Lakini akiwa amebadilisha taa kwanza kwa pesa zake, jumla ya anachookoa ni Sh7,100. Mkopo unajilipa na kunabaki kitu.

Hesabu hii ndiyo msingi wa somo zima. Kazi ndogo inayolipa haraka huibeba kazi kubwa inayolipa polepole. Ikiwa malipo ya mwezi yanazidi kinachookolewa, punguza kazi, ongeza akiba yako, au refusha muda wa mkopo ukijua kwamba jumla ya riba itaongezeka.

3. Vyanzo vya fedha binafsi

*Sacco.* Vyama vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, na mara nyingi riba hutozwa kwenye salio linalopungua. Uliza kama kuna mkopo maalum wa sola au nishati. Hakikisha chama kinachopokea amana kina leseni ya SASRA.

*Benki.* Mikopo ya kijani hufaa zaidi shule, hospitali, hoteli na viwanda. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka sola ya kilowati 600 kwenye mapaa yake mwaka 2014 kwa mkopo wa aina hiyo uliopitia Co-operative Bank, fedha zikitoka shirika la maendeleo la Ufaransa, AFD.

*Kampuni ya sola.* Baadhi ya kampuni hufunga mitambo kwa gharama zao na mteja hulipia uniti zinazozalishwa. Kabla ya kutia sahihi, soma mambo matatu: nani anatengeneza mtambo ukiharibika, mtambo unakuwa wa nani mkataba ukiisha, na nini kinatokea jengo likiuzwa.

Mikopo ya simu haifai kwa kazi hii. Hulipwa kwa wiki au miezi michache, ilhali stima huokolewa kwa miaka.

Katika nyumba za kupangisha kuna ugumu wa pekee: landilodi ndiye anayegharamia ukarabati, lakini mpangaji mwenye tokeni yake ndiye anayeokoa. Wakubaliane kwa maandishi. Kodi ikiongezwa, nyongeza iwe ndogo kuliko kinachopungua kwenye tokeni. Hapo wote wawili wanafaidika.

4. Fedha za umma

Kwa kawaida fedha za kaunti hazikarabati nyumba ya mtu binafsi. Ni za zahanati, madarasa ya chekechea, masoko na ofisi, na mwananchi ana nafasi ya kupendekeza. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi linaloletwa Juni hukuta fedha zimeshagawanywa.

Mpango wa FLLoCA, unaoendeshwa na Hazina ya Kitaifa kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, nao hupeleka fedha za tabianchi katika kaunti, na kamati za wadi hushiriki kuchagua miradi. Pendekezo lenye nguvu hutaja jengo, uniti linazotumia, gharama ya kazi na faida kwa watu. "Zahanati yetu ina joto" ni malalamiko. "Zahanati inatumia uniti kadhaa kwa mwezi, haina dari, na stima ikipotea friji ya chanjo huzima" ni hoja ambayo kamati inaweza kuipima.

5. Kabla ya kulipa fundi

- Pata makadirio ya bei kutoka kwa mafundi watatu kwa kazi ile ile.
- Omba leseni ya EPRA ya fundi wa stima au wa sola.
- Andika dhamana ya vifaa na ya kazi kwenye mkataba.
- Lipa kwa awamu. Baki na sehemu ya mwisho hadi mtambo ujaribiwe.
- Uliza mkopeshaji jumla utakayolipa hadi mwisho, pamoja na ada na bima, wala si riba pekee.
- Baada ya kazi, linganisha bili za miezi mitatu na za miezi hiyo hiyo mwaka uliotangulia. Ikiwa uniti hazikupungua, mwite fundi wakati dhamana ingali hai.