Safari ya Pemba: Chombo Kisichoandikwa Hakitafutwi

Somo la toleo hili linawahusu wakazi wa Vanga, Jimbo, Shimoni na Wasini kwa upande wa Kenya, wa Moa na Tanga kwa upande wa Tanzania Bara, na wa Wete, Mkoani na Makangale katika kisiwa cha Pemba. Kwa watu hawa mlango-bahari wa Pemba ni njia ya harusi, ya maziko, ya uvuvi na ya biashara. Mpaka wa baharini ulikubaliwa na serikali za Kenya na Tanzania kwa barua zilizobadilishwa mwaka 1975 na 1976. Juu ya maji, hata hivyo, mpaka huo hauonekani, na undugu uliokuwapo kabla yake ungalipo.

Lengo la somo ni moja: kila anayevuka afike, na kila aliyefika arudi. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kuchagua wakati wa kuvuka, kuelewa faida ya orodha ya abiria, na kujua la kufanya chombo kinapochelewa.

Njia na wakati wake

Kutoka Shimoni hadi Wete ni takriban kilomita 60. Kutoka Tanga ni karibu 70. Kati yake pana maji yenye kina kinachofikia takriban mita 800, ambamo nanga ya mashua haigusi chini. Injini ikizimika hapo, chombo hakiwezi kusubiri mahali pamoja.

Mashua iendayo kilomita 9 kwa saa huhitaji karibu saa saba kutoka Shimoni hadi Wete. Anayeng'oa nanga saa 12 alfajiri hufika mchana, jua likiwa juu, na hili ni jambo la maana sana, kwa kuwa kuingia Wete ni kupita baina ya visiwa vidogo na miamba karibu na Fundo. Anayeondoka adhuhuri huikuta miamba hiyo gizani.

Msimu nao una amri yake. Kusi, kinachovuma kutoka kusini-mashariki kati ya Aprili na Septemba, humjia usoni anayetoka Shimoni kwenda Pemba. Mwenye tanga hulazimika kupiga bisha, na mwenye mashine hutumia mafuta mengi zaidi. Kurudi huwa ni kushuka na upepo, na wepesi huo huwahadaa wengi wakadhani kwenda kutakuwa vivyo hivyo. Kanuni njema ni kuyagawa mafuta mafungu matatu: la kwenda, la kurudi na la dharura, la dharura lisiguswe kwa sababu ya haraka. Julai 18, 2012, katika msimu huo wa kusi, boti iitwayo Skagit iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilizama karibu na Chumbe siku ya upepo mkali. Ikiwa chombo cha ukubwa ule kilishindwa, mwenye mashua hana sababu ya kuona aibu akiahirisha safari.

Tena yatazamwe maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hukaribia mita 4. Madiko mengi hukauka kabisa maji yakitoka. Na kwa kuwa saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, saa iliyokufaa wiki iliyopita yaweza kukukwamisha leo.

Vyombo viwili, hatima mbili

Tuchukue mfano. Mashua mbili zinatoka upande wa Shimoni kwenda Wete. Ya kwanza imeondoka bandarini alfajiri. Nahodha ameacha orodha ya abiria, ametaja saa ya kufika, na jamaa mmoja wa Wete amepewa nakala kwa simu. Ya pili imeondoka usiku katika bandari bubu, kwa kuwa mwenye chombo alikuwa na mzigo asiotaka uonekane mchana. Huenda ni wa magendo ya karafuu, ambayo pwani yetu yote inayajua. Abiria wake, wasiohusika na mzigo huo, wamepanda kwa sababu nauli ni nafuu.

Zote mbili zinaharibikiwa na injini katikati ya mlango-bahari. Mkondo wa maji wa pwani hii huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huenda kwa kasi zaidi. Tuseme siku hiyo unakwenda kilomita 4 kwa saa. Mashua ya kwanza ilipochelewa, jamaa wa Wete alipiga simu saa mbili baada ya injini kuzimika. Chombo kilikuwa kimesogea kilomita 8 tu, na waokoaji walijua kilipotoka, kilikokwenda na idadi ya watu waliomo. Ya pili ilikuwa ikitarajiwa "leo au kesho". Walipoanza kuulizana, saa 24 zilikuwa zimekwisha kupita, na mkondo ulikuwa umekichukua chombo kilomita 96, hata kikawa mkabala wa Mombasa. Eneo la kutafuta lilikuwa limepanuka kwa urefu na kwa upana, na hapakuwa na aliyeweza kusema wanatafutwa watu wangapi.

Ndiyo maana tunasema kwamba chombo kisichoandikwa hakitafutwi. Hakitafutwi kwa sababu hakuna ajuaye kwamba kimepotea.

Funzo la mwaka 2011

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na nafasi ya watu wasiofikia 700. Waliookolewa peke yao walizidi 600, na maiti zilizoopolewa zilizidi 200. Kwa hiyo hesabu hiyo tu yaonyesha kwamba meli ilikuwa imepakia kupita kiasi. Waliopotea pasipo kuonekana walikuwa wengi, na idadi yao ilibishaniwa muda mrefu baada ya msiba, kwa kuwa walioingia melini hawakuwa wameandikwa wote. Zipo familia zilizobaki bila maiti ya kuzika, na pia bila karatasi ya kuthibitisha kwamba mpendwa wao alisafiri.

Katika mashua ya abiria kumi na wawili orodha ni kazi ya dakika tano. Iwe na jina kamili, umri, mahali mtu anapotoka, anakokwenda, na simu ya jamaa aliyebaki nyumbani. Watoto nao waandikwe, hata wale wasiolipishwa nauli.

Hofu ya kuandikwa

Wapo wanaokubali hayo yote, lakini wanaogopa kalamu kwa sababu hawana hati. Hofu hiyo tunaielewa, na haitaondoka kwa kukemewa. Kwa vizazi, Wapemba wengi waliishi katika pwani ya Kenya bila uraia. Mwaka 2023 Kenya iliitambua jamii yao rasmi, na mlango wa kupata vitambulisho ukafunguliwa. Asiyekamilisha taratibu zake aanzie kwa chifu au mzee wa mtaa. Upande wa Pemba aanzie kwa sheha, na upande wa Bara kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Kuvuka baina ya Kenya na Tanzania kwahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria; kitambulisho cha taifa pekee hakitoshi. Mtoto naye anahitaji hati yake. Hati hugongwa muhuri katika ofisi ya uhamiaji unapotoka na unapoingia. Asiyetaka kuvuka moja kwa moja hupita Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga, kisha hupanda chombo huko.

Jambo moja lijulikane wazi. Mkataba wa Kimataifa wa Utafutaji na Uokoaji Baharini wa mwaka 1979 unaagiza kwamba aliye hatarini baharini asaidiwe bila kujali uraia wake wala hadhi yake. Suala la hati lina ofisi yake na wakati wake. Mwenye kuzama huokolewa kwanza. Kwa hiyo jamaa asichelewe kupiga simu kwa kuogopa kuulizwa maswali.

Kurudi

Wengi hujiandaa kwa kwenda, wakaiacha safari ya kurudi iamuliwe na bahati. Likizo imekwisha au maziko yamemalizika, na mtu hupanda chombo chochote kilichopo. Kutangulia si kufika. Siku ya kurudi ipangwe kabla ya kuondoka, ikiwa na siku moja ya ziada kwa ajili ya hali ya hewa. Msafiri amwambie jamaa wa pande zote mbili jina la chombo, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Akifika, apige simu mara moja, ili watu wasitafute asiyepotea.

Chombo kikichelewa saa mbili kupita muda uliotajwa, usingoje kuche. Toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu au piga 112, namba inayotumika Kenya na Tanzania. Kenya hutumika pia 999. Kwa upande wa Zanzibar wajulishwe pia KMKM. Vituo vya uratibu wa uokoaji wa baharini vipo Mombasa na Dar es Salaam, na hupashana habari, kwa maana chombo kilichopotea katika maji ya Pemba chaweza kuonekana katika maji ya Kenya.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika diko lenu, ni nani anayeweka orodha ya abiria, na nakala hubaki kwa nani?
2. Mkondo ukienda kilomita 4 kwa saa, chombo kilichoharibika saa 3 asubuhi kitakuwa kimesogea umbali gani ifikapo saa 12 jioni?
3. Ni sababu zipi zinazowafanya watu wa kijiji chenu wapande vyombo vya usiku katika bandari bubu? Ni ipi kati yake mnayoweza kuiondoa wenyewe, na ni ipi inayohitaji serikali?
4. Ikiwa ndugu yako amevuka leo, je, wajua jina la chombo chake na saa atakayofika?

Asiye na jibu la swali la nne apige simu leo.