Kwa nini ripoti ya moyo wa mbwa wangu haisemi ndiyo au hapana?

*Daktari, mbwa wangu Bobi ana miaka 11. Amezirai mara mbili akikimbilia geti kumlaki mwanangu. Tumempeleka kwenye ultrasaundi ya moyo, na ripoti inasema kuna “uwezekano mkubwa” wa shinikizo la juu la damu kwenye mishipa ya mapafu, kasi 3.8. Kaka yangu anasema daktari anabahatisha. Amenunua sildenafili duka la dawa tuanze kumpa. Naogopa kumpa, naogopa kutompa. Nifanyeje?*
*Mama Salome, Tanga*

Pole sana, Mama Salome. Kwanza, dawa hiyo iweke kabatini. Bobi asipewe hata kipande mpaka daktari aliyempima aseme.

Pili, daktari wako hajabahatisha. Ili kupima shinikizo hilo moja kwa moja, mrija hupitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni, mara nyingi mbwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Kwa mbwa anayezirai hiyo ni hatari, ndiyo maana ni nadra kufanyika. Ultrasaundi hukadiria kwa njia salama. Inapima kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kwenye valvu iliyo kati ya chemba mbili za kulia. Kasi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe, kisha mara 4, tunapata tofauti ya shinikizo kati ya chemba hizo. Kwa Bobi, kasi ya mita 3.8 kwa sekunde inatoa takriban milimita 58 za zebaki.

Namba hiyo haitoshi peke yake. Mwale wa mashine ukienda upande, au upande wa kulia wa moyo ukichoka, kasi husomeka ndogo kuliko hali halisi. Valvu ya kuelekea mapafuni ikiwa imebana, kasi hupanda ilhali mishipa ya mapafu ni mizima. Kwa hiyo mwongozo wa mwaka 2020 wa madaktari bingwa wa tiba ya ndani ya wanyama wa Marekani unataka kasi isomwe pamoja na ishara nyingine: ukuta kati ya chemba kubwa mbili umebonyea? Mshipa mkuu wa mapafu umetanuka? Chemba ya juu ya kulia imevimba? Kasi ikizidi 3.4 na ishara hizo zikaonekana hata sehemu moja, huandikwa “uwezekano mkubwa”. Hilo ndilo jibu lenye uzito kuliko yote ambayo kipimo hiki hutoa, na kuzirai kwa Bobi kunaliunga mkono.

Swali lililobaki ni chanzo. Valvu ya kushoto iliyochakaa, ugonjwa wa mapafu, damu iliyoganda au minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu, vyote huleta shinikizo hili. Hapa ndipo sildenafili inapoweza kudhuru. Inatanua mishipa ya mapafu, na damu nyingi hukimbilia upande wa kushoto. Upande huo ukiwa tayari umeelemewa, mapafu yanaweza kujaa maji. Upande wa kushoto ukiwa salama, dawa hiyohiyo, kwa kipimo cha mbwa, inaweza kumsaidia sana.

Rudi kwa daktari wako na ripoti mkononi, umwulize mambo matatu: chemba ya juu ya kushoto ina ukubwa gani? Bobi amepimwa damu kutafuta minyoo ya moyo? Picha ya eksirei ya kifua inaonyesha nini?

Kwa sasa mzuie kukimbia. Mwanao akirudi, Bobi awe amefungwa kamba. Usiku akiwa usingizini, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima na uandike. Zikizidi 30 mara kwa mara, mpigie daktari. Akihema kwa shida akiwa ametulia, ulimi ukibadilika kuwa wa bluu au akizirai tena, mpeleke kliniki saa hiyohiyo.

Kaka yako naye anampenda Bobi, ndiyo maana alikimbilia duka la dawa. Nenda naye kliniki, asikie majibu kwa masikio yake.