Hewa Ituzungukayo, na Mvua ya Kwanza ya Rongai

Mkulima wa mahindi wa Rongai huingiwa na shaka moja kila mwaka ufikapo mwezi wa Machi. Jua limekuwa kali tangu Januari, shamba limekwisha kulimwa, na siku moja alasiri mvua kubwa yanyesha muda wa saa nzima. Je, apande kesho yake, au angoje? Akipanda, na mvua isirudi kwa majuma matatu, mbegu huchipua kisha hunyauka, na fedha ya mbegu na ya mbolea imekwenda. Akingoja mno, mahindi ya sehemu hizi, ambayo kwa sababu ya baridi huchukua miezi mingi kukomaa, hukosa maji wakati wa kujaza punje. Shaka hiyo haiondoki yote, lakini mtu ajuaye jinsi hewa ifanyavyo kazi huona mengi kuliko yule atazamaye mawingu tu.

Kwanza yatupasa kujua ya kuwa hewa ni kitu, nayo ina uzito. Jambo hilo lilionyeshwa na Mwitaliano Torricelli mnamo mwaka 1643, kwa bomba la kioo lililojaa zebaki. Mombasa, juu ya kila mita moja ya mraba, imelala hewa yenye uzito wa karibu tani kumi. Rongai, iliyo yapata mita 1,900 juu ya bahari, hewa hiyo ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano. Mama apikaye maharagwe anaijua habari hii hata kama hajaisoma: maji ya Rongai huchemka kwenye digrii 94 hivi badala ya 100, na kwa hiyo maharagwe huchelewa kuiva na kuni huisha. Huko Molo, palipo juu zaidi, kazi huwa ngumu zaidi.

Pili, jua haliipashi hewa joto kwa wingi moja kwa moja. Huipasha ardhi, na ardhi huipasha hewa iliyo karibu nayo. Hewa yenye joto hutanuka, huwa nyepesi, hupanda. Nani asiyeona zile chamchela za vumbi zizungukazo mashambani mwezi wa Februari? Hizo ni hewa ipandayo mbele ya macho yetu. Wako wanaozikimbia wakidhani ni shetani. Afadhali wakimbie kwa ajili ya macho yao.

Hewa ipandayo hupoa, karibu digrii moja kwa kila mita 100, nayo ikipoa haiwezi kuuchukua mvuke wote iliokuwa nao. Chupa baridi ikiletwa mezani hutoka jasho nje. Maji hayo hayakupenya kioo, yametoka katika hewa. Hivyo ndivyo wingu lifanyikavyo. Tena mvuke ugeukapo maji hutoa joto, na joto hilo huisukuma hewa ipande zaidi, hata wingu lililokuwa dogo saa sita mchana likawa kama mnara saa tisa. Juu kabisa maji huganda, na pengine hutushukia kwa mvua ya mawe, kama wajuavyo sana wakulima wa chai wa Kericho na Nandi.

Sasa twaweza kuielewa mvua idanganyayo. Rongai iko katika Bonde la Ufa, Mau ikiwa upande mmoja na Menengai upande wa pili. Hewa ya bonde ikipashwa joto hupanda katika miteremko hiyo, na kama kuna mvuke kidogo, wingu hujengeka hapo hapo na kumwaga. Mvua hiyo ni ya mahali pamoja. Humwagia shamba hili mpaka mifereji ikajaa, na jirani, umbali wa maili mbili, akabaki na vumbi lake. Imetokana na joto la siku ile tu, wala si ahadi ya mvua ya kesho.

Masika ni jambo jingine kabisa. Pepo zitokazo kaskazini na zile zitokazo kusini hukutana katika ukanda mrefu uizungukao dunia, na zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Ukanda huo hulifuata jua, lakini kwa kuchelewa. Jua huwa juu ya ikweta yapata tarehe 21 Machi, na Rongai iko kusini kidogo tu ya mstari huo; bali mvua zenyewe aghalabu hukolea Aprili. Kisha kuna neema ambayo watu wa Machakos hawana: katika Julai na Agosti, huko kwao kukiwa kukavu, hewa yenye unyevu kutoka Kongo na Ziwa Viktoria huja kwa upande wa magharibi, ikavuka milima na kuzidisha mvua za sehemu za Nakuru. Ndiyo sababu mahindi ya muda mrefu yaweza kulimwa hapa.

Dalili ni hizi. Masika yakifika kweli, mvua husikika kotekote, Njoro, Molo na Solai, si kwa jirani mmoja; mawingu huonekana hata asubuhi; mbingu haikauki kabisa baada ya mvua; na usiku hauwi na baridi kali kama ule wa mbingu tupu, kwa maana mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee. Lakini shahidi mkubwa ni udongo. Chomeka panga, au chimba kwa jembe: unyevu usipofika shubiri moja, mbegu itaota kwa maji ya juu juu, na juma moja la jua na upepo laweza kuyamaliza.

Hata hivyo miaka haifanani. Mwaka 1984 masika yalikosekana katika sehemu kubwa ya Kenya, na ajuaye dalili zote hakupata cha kuvuna. Mwaka 2018 yalizidi, na tarehe 9 Mei bwawa moja la Solai likapasuka usiku, watu zaidi ya 40 wakafa. Bahari ziko mbali, lakini zina mkono katika mambo haya: mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kupita kawaida, na vuli ikawa ya mafuriko. Tena dunia nzima inazidi kupata joto kwa sababu ya moshi wa makaa na mafuta, na kwa kila digrii moja hewa yaweza kuchukua mvuke zaidi kwa karibu sehemu saba katika mia. Mvuke huo ushukapo, hushuka kwa nguvu zaidi.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa masika kabla hayajaanza, na yafaa kuusikiliza. Lakini utabiri huo ni wa eneo kubwa, si wa shamba lako. Kwa shamba lako tumia kopo lenye kuta zilizonyoka na rula ya mtoto wa shule. Milimita 25 katika kopo ni karibu lita 100,000 juu ya eka moja. Liwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na paa, na maji yapimwe kila asubuhi saa tatu, yakiandikwa katika daftari, kabla jua halijayapunguza.