Kuku na nguruwe katika parsele moja: namna ya kulinda akiba ya nyumba



Somo la leo ni juu ya kuku na nguruwe. Tunajua kwamba wengi wenu munafuga tayari, na wengine mulianza kabla sisi hatujaingia masomo ya kilimo. Kwa hiyo hatukuja kuwafundisha kuku ni nini. Tunataka tuzungumze juu ya jambo moja: namna gani ile akiba isipotee kwa juma moja.

Kwetu hapa Kivu, mtu wa kijiji hapeleke feza ku banki. Mtoto akifukuzwa masomo juu ya minerval, kuku wawili wanaenda sokoni. Mama akipelekwa maternité, nguruwe anauzishwa. Basi kuku ni feza ya mfukoni, na nguruwe ni feza ya sanduku. Mtu akiibiwa sanduku analia. Lakini ugonjwa ukiingia, wengi wanasema tu: «Ni mwaka mubaya.» Hapana. Mara mingi ni kazi ambayo haikufanywa.

Na sisi pia tulikosa, tuwaambie wazi. Miaka michache imepita, tulikuwa tunafuatilia familia kadhaa katika koperative moja. Mama mmoja alikuwa amekopa ku AVEC, akanunua nguruwe jike, na yule nguruwe alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Ku jirani, nguruwe akakufa gafula. Nyama ikagawanywa kwa bei ya chini. Watu wakaosha ile nyama, na maji yakamwagwa ndani ya chakula cha nguruwe, sawa vile inafanyika siku zote. Na sisi, watekinisien, siku ile ile tulitembelea mazizi sita na bote zile zile, bila kuziosha. Majuma mawili kisha, mazizi yale sita yalikuwa matupu. Hatuwezi kusema kwa hakika kama ugonjwa ulipita ndani ya maji ya nyama ao chini ya bote zetu. Lakini deni la yule mama lilibaki. Tangu siku ile, sisi hatuingie tena katika zizi la mtu na bote chafu, na tunawaomba musituruhusu.

1. Nyumba ya kuku na kazi ya vifaranga

Kuku wa kienyeji anajitafutia chakula, ni kweli. Lakini usiku anahitaji nyumba. Jengeni kibanda cha miti ao mianzi, kiinuliwe juu ya ardhi karibu na metre moja, kifunikwe na majani ao manjanja. Kuku watano wanaenea katika metre moja ya mraba. Sakafu iwe na nafasi ndogo ili mavi yaanguke chini, na yale mavi muyapeleke ku shamba ya mboga kisha kuoza. Jogoo mmoja anatosha kwa majike kumi. Mubadilishe jogoo na koperative ingine kisha mwaka, ili asizae na watoto wake mwenyewe.

Tupige hesabu. Kuku mmoja anaatamia siku 21. Tuseme anaangua vifaranga 10, na anafanya hivyo mara tatu kwa mwaka. Ni vifaranga 30. Kama nyumbani munaona paka kuku watano ao sita wanakomaa, wengine 24 ao 25 wameenda wapi? Mwewe amekamata, mvua imewapiga, njaa na magonjwa wamewamaliza. Kwa hiyo, mbele ya kununua kuku wengine, linda wale wanaozaliwa.

Fanyeni hivi: majuma matatu ao mane ya kwanza, vifaranga na mama yao wafungiwe mchana chini ya kitunga kikubwa, mahali pakavu, na maji safi katika sahani isiyo na urefu. Muwape mahindi ya kusaga, pumba, na mchwa. Kwa kupata mchwa, jazeni chungu kizee na majani makavu na mavi ya ngombe, mwagilieni maji kidogo, mukigeuze juu ya njia ya mchwa mangaribi. Asubui, mapema, munainua chungu na munatikisa mbele ya vifaranga. Hakuna chakula cha feza kinachopita kile kwa bei.

2. Newcastle: chanjo ni ya kijiji kizima

Munaijua hata kama munaiita jina lingine. Kuku anasinzia, mabawa yanaanguka, anahara majani kibichi, anapumua na shida, shingo inageuka. Kisha siku chache kijiji kizima hakina tena jogoo wa kuwika. Ni virusi. Hakuna dawa ya kuponyesha, hata pilipili, hata antibiotike ya sokoni. Iko paka chanjo.

Chanjo inayofaa vijiji vyetu ni ile inaitwa I-2, juu inavumilia joto kidogo kushinda zingine. Lakini kuvumilia si kusema muiache ku jua. Mubebe ndani ya kitunga na kitambaa kilicholowa maji. Tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa na mdogo kipimo ni kile kile. Mungoje kuku afunge jicho na kulifungua, kisha mumuache. Murudilie kila miezi mitatu ao mine.

Mambo matatu musiyasahau:

– Kuku aliyekwisha kugonjwa, chanjo haimuponyeshe. Musichanje katikati ya ugonjwa na kisha kusema «chanjo imeua kuku zetu».

– Kinga haiji siku ile ile. Inahitaji juma moja mpaka mawili. Kwetu Kivu ya Kusini, ugonjwa unapenda kutembea kipindi cha jua. Basi muchanje mwezi wa tano, musingoje wa saba.

– Chupa moja ina matone ya kuku mingi, na ikishafunguliwa inatumiwa siku ile ile. Familia yenye kuku nane haiwezi kuinunua peke yake. Ndiyo sababu koperative iko: mupange siku moja, nyumba zote, asubui na mapema kuku hawajatoka.

3. Zizi la nguruwe

Nguruwe asitembee ovyo. Sababu ya kwanza si shamba ya jirani tu. Sababu kubwa ni choo. Nguruwe anayekula mavi ya mtu mwenye mnyoo tegu anapata vile vijifuko vyeupe ndani ya nyama, sawa punje za mchele. Mtu akila nyama ile haijaiva, anapata mnyoo. Na mayai ya ule mnyoo yakitoka ku mtu na kuingia kinywani mwa mtu, kwa mikono ao maji machafu, vijifuko vinaweza kukaa mpaka ndani ya bongo na kuleta kifafa. Wengi wanasema kifafa ni ulozi. Mara zingine ni choo isiyo na mulango. Kwa hiyo: choo iliyofungwa, nguruwe ndani ya zizi, mikono na sabuni, nyama ipikwe mpaka iive ndani kabisa.

Zizi la jike mmoja liwe karibu na metre mbili kwa tatu, na sakafu inayoinama kidogo ili mikojo itoke. Pembeni ya kuta, ku sentimetre 20 ao 25 juu ya sakafu, mufunge mti wa kulala. Mama akijilaza, watoto wanakimbilia chini ya ule mti na hawabonyezwe. Watoto wengi wanakufa siku tatu za kwanza kwa kubonyezwa na kwa baridi, kushinda kwa ugonjwa. Muwawekee majani makavu.

Mimba ya nguruwe ni rahisi kukumbuka: miezi mitatu, majuma matatu, siku tatu. Jike ambaye hakushika mimba anarudilia kutaka dume kisha siku 21 hivi. Muandike tarehe ku ukuta na makala. Watoto wa zizi la simenti wanakosa damu, juu maziwa ya mama hayana chuma ya kutosha: munganga wa mifugo apige sindano ya chuma siku ya tatu, ao muwawekee kila siku udongo mwekundu safi, uliochimbwa mahali nguruwe hawapiti.

4. Chakula

Matembele, majani ya viazi vitamu na viazi vyenyewe, ndizi, maboga: vyote vizuri. Mihogo ya uchungu isitolewe mbichi, ina sumu. Ilowekwe ao ikaushwe ao ipikwe. Majani ya mihogo yaanikwe kwanza. Soya mbichi haifai, ikaangwe ao ichemshwe. Dreshi ya bia inaharibika upesi, kwa hiyo munaleta ya siku mbili, si ya juma. Chumvi ni kidogo tu, na maji yawe pale siku zote, juu chumvi bila maji inaua nguruwe. Jike anayenyonyesha anaweza kunywa litre 20 kwa siku na kupita. Mtu akisema «nguruwe wangu hana maziwa», sisi tunauliza kwanza: bido ngapi za maji?

Mabaki ya jikoni yanaweza kutolewa, lakini yachemke nusu saa. Na kama ndani kuna nyama ya nguruwe ao maji yalioosha ile nyama, yasitolewe kabisa. Sababu iko hapa chini.

5. Pesti ya nguruwe ya Afrika

Huu ndio ugonjwa uliomaliza mazizi sita. Si mpya: uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1921, huko Kenya. Hauna dawa, na chanjo ya kutumia hapa kwetu haiko. Nguruwe anakuwa na homa kali, anaacha kula, wanalaliana pamoja, masikio na tumbo vinageuka vyekundu ao vya buluu, jike anatoa mimba, na karibu wote wanakufa. Hauambukize mtu. Na kwa sababu haumgonjweshi mtu, watu wanakula nyama bila woga, na virusi vinaendelea kukaa ndani ya nyama, damu na mifupa muda mrefu.

Kinga ni mayele na kazi:

– Nguruwe mpya akae peke yake mwezi mmoja mbele ya kuchanganywa na wengine.

– Ku mulango wa zizi muweke brosi, beseni la maji na sabuni, na beseni lingine la javeli. Kwanza kuosha, kisha kutia javeli. Javeli juu ya matope haifanye kazi. Mwenye kuja kununua, mwenye kuhasi, munganga, hata sisi: wote waoshe.

– Ugonjwa ukisikika katika groupement, dume asitembee tena nyumba kwa nyumba.

– Nguruwe akifa gafula, musimpasue, musimgawanye. Muchimbe shimo la metre moja na nusu ao mbili, mutie chokaa, mufunike. Muite munganga wa mifugo wa serikali na chef wa kijiji.

– Zizi lioshwe, lipumzike miezi mitatu, kisha muingize nguruwe mmoja tu kwanza kwa majuma sita.

6. Neno gumu

Tunajua munachowaza: «Nguruwe wangu ameanza kutetemeka. Nikimuuza leo, napata nusu ya bei. Nikimuacha, nazika feza yangu yote.» Ni neno la kweli. Hatuwezi kumuhukumu mama mwenye deni. Lakini yule nguruwe akienda sokoni Mudaka leo, kesho ugonjwa uko katika vijiji kumi, na mwaka ujao hakuna mahali pa kununua mtoto wa nguruwe mwenye afya.

Basi mzigo huu usibebwe na mtu mmoja. Koperative moja tunayofanya nayo kazi ilichagua hivi: kila jike akizaa na watoto wakikomaa kuachishwa maziwa, mtoto mmoja ni wa kisanduku cha pamoja. Anauzishwa ao anatunzwa. Mwenye kuzika nguruwe wake, na kuita munganga bila kuficha, anapewa mtoto mmoja zizi lake likimaliza kupumzika. Mwenye kuuzisha nguruwe mgonjwa hapewe kitu. Si utajiri, lakini inafanya kusema kweli kusimletee mtu hasara peke yake.

Maswali ya kuzungumza ku mkutano

Katika kijiji chenu, ni nani atahesabu kuku za nyumba zote mbele ya mwezi wa tano? Mazizi ngapi yana beseni ku mulango? Nguruwe akifa leo usiku, mutamuita nani kwanza, na namba yake ya telefone iko wapi? Na kisanduku cha pamoja, mutakianza na mtoto wa nani?

Yule mama tuliyemtaja alimaliza kulipa AVEC yake na kuku, kidogo kidogo. Leo ana jike mwingine. Mbele ya zizi lake kuna beseni mbili, na siku tulipofika mara ya mwisho, alituangalia miguu mbele ya kutupa jambo. Tuliosha bote zetu, ndipo akatufungulia.