Haki ya Akaaye Mwisho wa Mto

Sisi watu wa pwani twajua maana ya kukaa mwisho wa maji. Mto Umba huanza katika milima ya Usambara, nchi ya Tanzania, ukavuka mpaka na kumwagika baharini karibu na Vanga, upande wa Kenya. Mtu wa Vanga hana amri juu ya mti ukatwao Usambara, walakini gharika ikija humfikia yeye. Basi haki ya mtu wa chini juu ya jirani yake wa juu, aliye katika dola nyingine, ndiyo tuliyoichagua iwe somo letu. Na ili tusiseme kwa dhana, tumechukua mto ambao khabari zake zimepimwa na kuandikwa kwa miaka mingi, nao ni mto Rhine wa Ulaya.

Mto huu waanza katika milima ya barafu ya Uswisi, wapakana na Ufaransa, wapita Ujerumani, kisha waingia Uholanzi na kumwagika katika Bahari ya Kaskazini. Urefu wake ni kilomita 1,230 hivi. Bonde lake lina watu yapata milioni 60 katika nchi tisa, na kama milioni 30 kati yao hunywa maji yake. Zamani ulikuwa mashuhuri kwa salmoni, samaki azaliwaye katika maji matamu ya juu, akenda baharini kukua, kisha akarejea kule kule alikozaliwa ili kutaga. Mwisho wa karne ya 19 samaki hao walivuliwa kwa malaki. Viwanda vikazidi, mabwawa yakajengwa, uchafu wa miji ukamwagwa. Na ilipofika miaka ya 1950 salmoni alikuwa amekwisha.

Mwaka 1950, Uswisi, Ufaransa, Luxembourg, Ujerumani ya Magharibi na Uholanzi walikutana katika mji wa Basel, wakaunda tume moja ya kuuhifadhi mto. Kwa miaka mingi tume hiyo haikufanya kubwa ila kupima maji. Wako watakaoicheka. Sisi hatuicheki, kwani kabla yake kila dola ilikuwa na hesabu yake, na mwenye kushitakiwa alikuwa na njia ya kukanusha. Walipokubaliana kupima kwa kipimo kimoja, ugomvi juu ya ukweli ulikwisha, ukabaki ugomvi juu ya wajibu.

Na ugomvi huo ulikuwa mkali, khasa katika jambo la chumvi. Huko Alsace, upande wa Ufaransa, kulikuwa na machimbo ya potashi, madini ya kufanyia mbolea. Chumvi iliyobaki katika kazi hiyo ilitupwa mtoni. Wakulima wa maua na mboga wa Uholanzi walikuwa wakinyweshea mimea yao maji hayo hayo, na chumvi ikawatia khasara. Mmoja wao alisimama akamshitaki mwenye machimbo, tena katika mahakama ya kwao Uholanzi. Swali likapelekwa katika Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya, na mwaka 1976 ikahukumu kwamba mwenye kudhurika aweza kushitaki ama pale madhara yalipoanzia, ama pale yalipomfikia. Hukumu hiyo twaiona kubwa kuliko mikataba mingi, kwani ilimwondolea mnyonge taabu ya kufuata haki ugenini.

Mwaka huo huo wa 1976 dola zenyewe ziliandikiana mkataba wa kupunguza chumvi, na gharama zikagawanywa hivi: Uholanzi asilimia 34, Ujerumani 30, Ufaransa 30, na Uswisi 6. Tazama, ndugu msomaji! Aliyedhurika ndiye aliyebeba fungu kubwa kuliko wote. Sisi hatuwezi kuiita hiyo haki kamili. Lakini Waholanzi walipiga hesabu wakaona kwamba kungoja haki kamili ni kuendelea kunywa chumvi. Na hata baada ya hapo walingoja, kwani watu wa Alsace walikataa chumvi isizikwe chini ya ardhi yao, wakichelea maji yao wenyewe, na mkataba haukupata nguvu hatta mwaka 1985.

Mji wa Rotterdam ulishika njia nyingine, nayo yatupasa kuiangalia sisi wenye miji ya bandari. Bandari hiyo lazima ichimbwe matope kila mwaka ili meli zipite. Matope yaliposhuka na sumu za viwanda vya juu, hayakuweza tena kutupwa baharini wala kumwagwa mashambani, ikabidi yajengewe hifadhi yake. Basi mji ukatuma wataalamu wapande mto, wakitafuta mdomo wa kila mfereji na kupima kitokacho. Kisha ukawaendea wenye viwanda mmoja mmoja na hesabu mkononi, ukiwaambia: punguzeni, au tuonane mahakamani. Wengi wao walichagua kupunguza.

Kisha ikaja tarehe 1 Novemba 1986. Karibu na Basel ghala la kampuni ya Sandoz lilishika moto, na ndani yake mlikuwa na zaidi ya tani elfu moja za dawa za kuulia wadudu na kemikali nyinginezo. Maji ya kuzimia moto yaliteremka mtoni pamoja na sumu, na mto ukawa mwekundu. Samaki wakafa kwa mamia ya kilomita, na miji ya chini ikafunga mabomba iliyotekea maji. Siku chache baadaye mawaziri walikuwa wamekwisha kukutana. Mwaka 1987 wakapitisha mpango wenye shabaha aielewayo hata mtoto: salmoni arejee ifikapo mwaka 2000, na sumu kadhaa zipunguzwe nusu ifikapo 1995. Mvuvi asiyejua kemia aliweza kuwahesabia mawaziri ahadi yao.

Sehemu kubwa ya ahadi ilitimizwa. Salmoni wa kwanza walionekana tena katika mto Sieg, tawi la Rhine, mwaka 1990. Machimbo ya potashi yalifungwa mwaka 2002, si kwa mkataba bali kwa kwisha kazi yake. Hatta hivyo, samaki huyo hajawa na njia wazi ya kufika Basel. Ngazi za kumpandishia zilijengwa katika bwawa la Iffezheim mwaka 2000, Gambsheim 2006, Strasbourg 2016 na Gerstheim 2019. Lakini juu ya hapo yako mabwawa mengine ya umeme, na wenye kuahidi njia ifunguke hatta Basel kufikia 2020 hawakutimiza. Mwaka huo wa 2020 mawaziri walikutana Amsterdam wakaandika mpango mpya, na muda wake umewekwa hadi 2040.