Darubini ya Bunduki ya Upepo: Kwa Nini Risasi Haiendi Linapoelekea Jicho?

Bunduki ya upepo haina baruti. Nguvu inayoisukuma risasi yake hutokana na hewa inayogandamizwa ghafla ndani ya silinda, na katika bunduki za bei nafuu hewa hiyo kwa kawaida hugandamizwa na pistoni inayosukumwa na springi ya chuma. Bunduki za aina hii zimeenea katika nchi nyingi, na mara nyingi huuzwa pamoja na darubini ndogo ya kulengea iliyofungwa juu yake. Mnunuzi huamini kwamba, kwa kuwa sasa anaiona shabaha kubwa mara nne, ataipiga kwa wepesi mara nne. Baada ya siku chache malalamiko huanza: leo risasi zinakwenda kushoto, kesho zinakwenda chini, na kila skrubu inapozungushwa mambo huzidi kuharibika.

Makala hii inakusudia kueleza chanzo cha matatizo hayo kwa kutumia fizikia ya shule ya sekondari. Msomaji ataona kwamba swali la kwanza si “nizungushe skrubu ipi?” bali ni “kosa hili ni la aina gani?” Kanuni hiyo haihusu bunduki peke yake. Inahusu pia mizani, saa, kipimajoto na kila chombo ambacho mwanafunzi hukitumia katika maabara.

1. Makosa ya aina mbili

Tuseme mtu amepiga risasi 10 kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 20, akilenga nukta ile ile kila mara. Matundu yote 10 yanaweza kukusanyika mahali pamoja, lakini sentimita 4 kushoto mwa nukta. Hilo ni kosa la kudumu: lina ukubwa mmoja na mwelekeo mmoja. Au matundu yanaweza kutapakaa pande zote za nukta, hili juu, lile chini, bila utaratibu. Hilo ni kosa la kutawanyika.

Skrubu za darubini zinaweza kuondoa kosa la kwanza tu. Haziwezi kupunguza la pili hata kidogo. Zaidi ya hayo, mtu anayerekebisha darubini baada ya kila risasi, kwa kiasi kamili cha kosa aliloliona, huongeza mtawanyiko badala ya kuupunguza. Sababu yake ni dhahiri: kila tundu jipya hubeba kosa lake lenyewe pamoja na kosa la risasi iliyotangulia, ambalo limehamishiwa kwenye skrubu. Hesabu ya takwimu huonyesha kwamba kwa njia hiyo mtawanyiko hukua kwa takriban mara 1.4. Mtu huyo anafanya kazi kwa bidii, na bidii yenyewe ndiyo inayomharibia.

2. Ndani ya darubini

Darubini aliyoitumia Galileo kuanzia mwaka 1609 haiwezi kufaa kwa kulengea, kwa sababu haifanyi taswira halisi ndani yake. Mwaka 1611 Kepler alieleza darubini ya namna nyingine, yenye lenzi mbili mbinuko. Katika darubini hiyo lenzi ya mbele hufanya taswira halisi ndani ya bomba, na lenzi ya jicho huikuza taswira hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1630 Mwingereza William Gascoigne aliona uzi wa buibui ukionekana wazi ndani ya darubini yake, pamoja na kitu alichokuwa akikitazama. Alitambua kwamba uzi ukiwekwa mahali hasa inapofanyika taswira, jicho litaviona vyote viwili kwa pamoja. Hapo ndipo ulipoanza msalaba wa nyuzi ambao leo huonekana katika darubini za bunduki na vyombo vya wapima ardhi. Darubini ya bunduki huongezewa lenzi nyingine katikati ili taswira isionekane imepinduka juu chini.

Ubora wa lenzi una umuhimu wake. Kioo kisichopakwa utando maalumu hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga katika kila uso wake. Darubini yenye lenzi tano zilizoachana ina nyuso 10. Kwa hiyo mwanga unaofika jichoni ni 0.96 kwa kipeo cha 10, yaani kama asilimia 66 tu. Aidha lenzi moja ya kawaida hupinda rangi mbalimbali kwa viasi tofauti, na kitu huonekana kimezungukwa na rangi za upinde wa mvua. Lakini msomaji azingatie jambo hili: taswira yenye ukungu humfanya mlengaji asiione vizuri shabaha, haiihamishi shabaha kutoka mahali pake. Kinachohamisha ni mambo mawili tutakayoyaeleza sasa.

3. Kosa la paralaksi

Mahali inapofanyika taswira hutegemea umbali wa kitu. Kitu kinapokaribia, taswira husogea nyuma kuelekea jichoni. Msalaba wa nyuzi, kwa upande wake, hausogei. Kwa hiyo taswira na msalaba hulingana sawasawa kwa umbali mmoja tu. Katika umbali mwingine wowote jicho likisogezwa kidogo kando, msalaba huonekana kuhama juu ya shabaha ingawa bunduki haikutikisika. Mwanafunzi ameshaliona jambo hili aliposoma kipimo cha rula akiwa ameinamia upande.

Darubini nyingi zilizobuniwa kwa bunduki za baruti hulinganishwa kwa umbali wa yadi 100, yaani mita 91. Bunduki ya upepo hutumiwa kwa mita 10 hadi 30. Hebu tukadirie kosa linalotokea. Tuchukue darubini yenye lenzi ya mbele ya kipenyo cha milimita 32, na shabaha iliyo mita 20. Jicho likiwa ukingoni kabisa, hutumia mwanga unaopita ukingoni mwa lenzi, milimita 16 kutoka katikati. Kwa pembetatu zinazofanana:

kosa = 16 × (91 − 20) ÷ 91 = milimita 12.5

Hicho ndicho kikomo. Kwa kawaida jicho halifiki ukingoni. Hata hivyo, mtu asiyeweka shavu lake mahali pamoja kila mara anaweza kutawanya matundu kwa sentimita nzima, na asijue kwamba kosa limo katika shingo yake. Msomaji ataona pia kwamba lenzi kubwa huongeza kikomo hicho. Ukubwa wa darubini si ushahidi wa ubora wake. Dawa ni kuchagua darubini iliyolinganishwa kwa umbali mfupi, au ile ambayo lenzi yake ya mbele inaweza kuzungushwa ili kuilinganisha.

4. Msukumo wa pande mbili

Springi inapoachiliwa, pistoni huruka mbele. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, bunduki husukumwa nyuma. Mwishoni mwa safari yake pistoni hugonga mto wa hewa iliyogandamizwa na kusimama ghafla, na sasa bunduki huvutwa mbele. Mitikisiko hii miwili hutokea katika muda mfupi mno, na huanza kabla risasi haijatoka mtutuni. Ndiyo sababu bunduki ya springi hulenga vizuri zaidi inaposhikwa kwa wepesi na kwa namna moja kila mara, kuliko inapobanwa kwa nguvu leo na kwa ulegevu kesho.

Darubini ya bunduki ya baruti hutengenezwa kustahimili msukumo wa kurudi nyuma. Mvuto wa ghafla wa mbele unaweza kulegeza lenzi na nyuzi zake, na pia kuitelezesha darubini ndani ya vishikizi vyake. Je, mtelezo mdogo una madhara gani? Tuseme vishikizi viwili vimeachana kwa milimita 100, na cha nyuma kimeinuka kwa milimita 0.1, ambao ni unene wa karatasi moja ya daftari. Pembe inayotokea ni 0.1 ÷ 100, yaani 0.001 ya radiani. Katika mita 20 pembe hiyo ni sawa na milimita 20. Unene wa karatasi moja umeihamisha risasi kwa sentimita mbili.

Hoja hiyo hiyo inahusu bunduki inayokunjwa mtutu ili kukaza springi. Bawaba ikilegea, mtutu haurudi mahali pake sawasawa, na hakuna darubini duniani itakayoponya ugonjwa huo. Katika baadhi ya bunduki hizi mtutu huelekea chini kidogo ukilinganishwa na reli ya darubini. Mwenye bunduki hulazimika kuzungusha skrubu hadi karibu na mwisho wake. Hapo springi ndogo iliyo ndani ya darubini hupoteza mkazo, na bomba la lenzi hucheza. Ni afadhali kuinua kishikizi cha nyuma kuliko kuifikisha skrubu mwisho.

5. Njia ya risasi

Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, risasi huanguka. Tuchukue risasi inayotoka kwa kasi ya mita 170 kwa sekunde, na tuache kwanza ukinzani wa hewa. Kwa kanuni ya ½gt², risasi huanguka milimita 17 katika mita 10, milimita 68 katika mita 20, na milimita 153 katika mita 30. Tena darubini imo juu ya mtutu, tuseme kwa milimita 40. Ikiwa imerekebishwa ili risasi ifike sawasawa katika mita 20, matokeo ni haya:

mita 5: milimita 17 chini ya msalaba
mita 10: milimita 3 chini
mita 15: milimita 3 juu
mita 20: sawasawa
mita 25: milimita 11 chini
mita 30: milimita 31 chini

Kwa hakika ukinzani wa hewa huongeza anguko la mbali. Hivyo mtu anayebadili umbali bila kuupima hana haki ya kuilaumu darubini.

6. Utaratibu wa kutafuta kosa

Kwanza, kaza vishikizi na skrubu zote za bunduki. Pili, pima umbali kwa utepe. Tatu, egemeza bunduki juu ya mfuko laini, piga risasi 10 za aina moja, wala usiguse skrubu ya darubini. Nne, tazama kundi la matundu. Likiwa limetawanyika sana, chunguza shavu, mshiko, bawaba na aina ya risasi. Likiwa limekusanyika, tafuta kitovu chake, na hapo tu ndipo urekebishe.

Katika darubini nyingi kila hatua ya skrubu ni robo ya dakika ya pembe. Dakika moja ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja, na katika mita 100 ni milimita 29. Kwa hiyo hatua moja ni kama milimita 7.3 katika mita 100, lakini ni 1.45 tu katika mita 20. Kundi lililo sentimita 4 kando linahitaji hatua 28 hivi. Wengi huzungusha hatua tatu, hawaoni badiliko, na huitupa darubini iliyo nzima.

Hata bunduki hii ndogo inaweza kupofua jicho, na sheria za nchi nyingi huihesabu kuwa silaha. Haifai kuletwa darasani, wala haihitajiki kwa jaribio lifuatalo.

7. Jaribio la darasani

Chukua lenzi mbinuko mbili, moja ya urefu wa fokasi sentimita 50 na nyingine sentimita 5. Tandaza nyuzi mbili za msalaba katika tundu la kadibodi. Simamisha lenzi ndefu mbele, kadibodi sentimita 51.3 nyuma yake, na lenzi fupi sentimita 5 nyuma ya kadibodi. Elekeza chombo kwenye rula iliyo ukutani umbali wa mita 20, kamwe si kwenye jua. Sogeza jicho kushoto na kulia: msalaba hautahama. Sasa sogeza rula hadi mita 5. Taswira imerudi nyuma hadi sentimita 55.6, na msalaba utahama jicho linapohama. Wanafunzi wapime mhamo huo kwa rula.

Tangu mwaka 1984 kulenga kwa bunduki ya upepo katika mita 10 kumekuwamo katika Michezo ya Olimpiki. Nukta ya katikati ya shabaha yake ina kipenyo cha nusu milimita, na wapigaji hawatumii darubini yenye kukuza; hutazama kupitia tundu dogo. Bunduki zao zimetengenezwa kwa uangalifu, na miili yao hurudi mahali pale pale kila mara. Chombo cha kukuza humwonyesha mtu zaidi. Usahihi hutoka katika mambo yasiyobadilika.

Mazoezi

1. Darubini ina lenzi ya mbele ya milimita 20 na imelinganishwa kwa mita 91. Tafuta kikomo cha kosa la paralaksi kwa shabaha iliyo mita 10. (Jibu: milimita 8.9)
2. Kundi la matundu liko milimita 15 chini ya nukta katika mita 10. Zinahitajika hatua ngapi za robo dakika? (Jibu: karibu 21)
3. Taja chombo kimoja cha maabara ya shule yako chenye kosa la kudumu, na kingine chenye kosa la kutawanyika. Eleza jinsi ulivyovitofautisha.